Nyumba Zetu na Majira ya Mwaka: Tuliyoyaona Isikizya

Bibi mmoja, mwanachama wetu wa upande wa Wete, alituletea swali ambalo tumekaa nalo muda mrefu bila ya kulijibu. Alisema ameona katika picha kutoka Ulaya ya kuwa watu wa huko hubadili mapambo ya nyumba zao mara nne kwa mwaka: maboga na majani makavu wakati miti inapopukutika, matawi ya msonobari na mablanketi ya sufu wakati wa theluji, maua mabichi baridi inapoondoka, na mapazia mepesi wakati wa joto. "Na sisi," akauliza, "ambao jua letu ni moja mwaka mzima, tuna nini? Au nyumba zetu hazijui mwezi wala mwaka?" Akaongeza ya kuwa katika duka moja mjini ameuziwa pamba ya kunyunyiza juu ya mti wa plastiki ili ionekane kama theluji, na kwamba wajukuu wake waliila wakidhani ni ya sukari.

Swali lenyewe lina jambo dogo la kusahihishwa, na twaomba bibi atuwie radhi. Jua letu si moja. Ni kweli ya kuwa hapa petu siku iliyo ndefu kuliko zote haiizidi ile iliyo fupi kuliko zote ila kwa nusu saa na dakika chache, hali mjini London tofauti hiyo hupindukia saa nane. Lakini jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, na baina ya safari zake hizo pepo hugeuka, na pepo zikigeuka mvua huja au huondoka. Kaskazi na joto lake, Desemba mpaka Februari. Masika, Machi mpaka Mei. Kusi na kipupwe chake katikati ya mwaka. Kisha vuli, Oktoba mpaka Desemba. Mwenye mikarafuu hana haja ya kufundishwa haya, kwani karafuu zenyewe twaziita kwa majira: karafuu za mwaka na karafuu za vuli. Basi majira tunayo. Lililobaki ni kujua kama nyumba zetu zinayaonyesha, na jibu la swali hilo tulilikuta mahali ambapo hatukulitazamia, nalo ni Isikizya.

Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, katika nchi ya Unyamwezi. Tulikwenda huko mwezi wa Agosti kutazama jinsi wafugaji wa nyuki wanavyokusanya na kuuza asali yao kwa pamoja, na habari hiyo tutaiandika mbali katika toleo jingine, kwa kuwa ina mafunzo mengi juu ya mizani. Wanyamwezi si wageni kwetu. Wazee wetu waliwapokea visiwani wakija kuchuma karafuu, na wengine wao walikaa, wakaoa, wakazaa, na leo ni wenyeji kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo tuliposema Isikizyani ya kuwa tumetoka penye karafuu, wazee wawili watatu walitikisa vichwa kama watu waliotajiwa jina la jamaa.

Ukiitazama ramani utaona jambo la kustaajabisha kidogo. Tabora na Pemba ziko karibu sana na mstari mmoja, digrii tano na kitu kusini ya Ikweta. Jua linalowapita wao utosini ndilo linalotupita sisi, na karibu siku ile ile. Lakini Tabora iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, tena bahari yenyewe iko mbali, na mvua yao ni moja tu kwa mwaka. Huanza kwenye Novemba, huisha kwenye Aprili. Kutoka Mei mpaka Oktoba nchi hukauka mpaka ukawa unasikia majani yakivunjika chini ya miguu ya kuku. Nusu mwaka maji, nusu mwaka vumbi. Mahali penye majira ya namna hiyo, nyumba haina ruhusa ya kusahau mwezi.

Bibi aliyetukaribisha ana nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na kando yake nyumba nyingine ya matofali ya kuchoma, ya mwanawe, yenye mabati. Tuliamkiana, sisi shikamoo na yeye marahaba, tukafundishwa na mwangaluka ya asubuhi, kisha macho yetu yakaenda moja kwa moja kwenye kuta zake. Zilikuwa zimekandikwa upya. Chini, kwa urefu wa goti, umepita mkanda mweusi kuizunguka nyumba yote. Juu ya mkanda ule ukuta ni mwekundu, rangi ya udongo wa kichuguu. Na kuzunguka mlango na madirisha amepaka udongo mweupe, akaumalizia kwa vidole, mistari minne minne, kama mtu aliyepitisha kitana juu ya ukuta mbichi. Hakuna hata rangi moja iliyonunuliwa. Tulimsifu sana kwa pambo lile. Alicheka.

"Ninyi mnasema pambo, wanangu," akatuambia. "Mimi naziba nyufa. Mvua ikishaulamba ukuta, mimi naurudishia. Rangi naitia kwa kuwa mikono imekwisha chafuka."

Tumeyarudia maneno yale mara nyingi tangu tuliporudi, kwani ndani yake limo jibu la bibi wa Wete. Yule mama hakuwa na msimu wa kupamba na msimu mwingine wa kutengeneza. Vitu viwili vile kwake ni kimoja. Mvua ya miezi sita hupiga chini, tone hurudi juu na kuula ukuta kwa kimo cha goti. Ndipo ukawekwa mkanda mweusi, wenye samadi ya ng'ombe na majivu ndani yake, ili uliwe mkanda badala ya ukuta, na mwaka ujao uwekwe mwingine. Mkanda unapendeza, lakini uzuri wake ulitangulizwa na kazi yake. Tukamuuliza kwa nini afanye kazi ile baada ya mavuno, asingoje Oktoba ambapo watu hawana shughuli shambani. Akatueleza ya kuwa baada ya mavuno maji bado yako karibu, visima havijashuka, na jua si kali la kuupasua udongo kabla haujashika. Ukingoja Oktoba, udongo ni jiwe na maji ni ya kuyafuata mbali. Ukitangulia ukafanya Aprili, mvua ya mwisho itakucheka. Kwa hiyo ipo nafasi ya wiki chache tu, na katika wiki zile kijiji chote hung'ara. Mpita njia aonaye nyumba zimekandikwa upya hana haja ya kuuliza ni mwezi gani.

Ndani mwake majira yalikuwa wazi zaidi kuliko nje. Juu ya mafiga, katika moshi, yananing'inia magunzi ya mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yao, meusi kwa masizi. Hayo hayashuki mpaka mvua ya kwanza. Juu ya mwamba wa jiwe nyuma ya nyumba, na juu ya mikeka, vimetandazwa viazi vitamu vilivyokatwa vipande: michembe, ambavyo hukaushwa vibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Kiangazi chote uwanja huwa mweupe kwa michembe, na masika yakija uwanja hubaki mtupu na michembe imeingia vyunguni. Pembeni ya mlango iliegemezwa mizinga mitatu ya gome, mipya, ikingoja kupandishwa mitini. Vibuyu vya asali vimepangwa ukutani, vikubwa chini, vidogo juu. Tulijulishwa ya kuwa tukirudi katikati ya mvua tutavikuta vibuyu vingi vitupu, mizinga haipo, na mahali pa michembe patakuwa na uyoga uliotungwa kwa kamba, kwa maana misitu ile ina uyoga mwingi wakati wa mvua. Mtu aliyeingizwa ndani ya nyumba ile amefungwa macho, kisha akafunguliwa, angeweza kuutaja mwezi kwa kutazama juu ya mafiga tu.

Na wanaotamani majani mekundu ya Ulaya wasiyasafirie mbali. Msitu wa miyombo unaoizunguka Tabora hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, huchipua majani mapya yaliyo mekundu, ya shaba, ya zambarau iliyopauka. Wao hupata wekundu jani linapozaliwa, Ulaya huupata jani linapokufa. Mwanachama wetu yeyote aliyewahi kuinua macho shambani mwake anaijua rangi ile, kwani majani machanga ya mkarafuu nayo hutoka mekundu vivyo hivyo kabla ya kuwa ya kijani. Twashangaa ya kuwa hatujamwona mtu aliyekata tawi moja la mkarafuu lenye majani machanga akaliweka ndani ya chungu sebuleni. Plastiki tunainunua.

Kutoka Isikizya tulirudi mjini Tabora, na jirani ya mji tukapelekwa Kwihara, kwenye tembe ambamo Dakta Livingstone alikaa mwaka 1872. Nyumba iliyopo leo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya kale na hutumika kama makumbusho. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, imejengwa kuuzunguka ua, na paa lake ni bapa: magogo yamelazwa, na juu ya magogo udongo. Msomaji wa kisiwani ataona mara moja tatizo lake. Paa la namna hiyo ni zuri mno kwa jua, kwa maana joto halipenyi, lakini mvua ya miezi sita ikilikuta na ufa, aliye chini atalala ameketi. Kwa hiyo paa la udongo halina budi kupandwa, kukaguliwa na kuongezwa udongo kabla ya Novemba kila mwaka. Hiyo ni saa nyingine ya majira iliyojengwa juu ya vichwa vya watu.

Mlango wa tembe ile ni wa kuchonga, na hapo tulijiona tumefika kwetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na vitu vya pwani vilisafiri pamoja nayo juu ya mabega: nguo za merikani na kaniki, ushanga, sahani, na pia fikra ya jinsi mlango wa mtu mwenye heshima unavyotakiwa kuwa. Safari yenyewe ilikwenda kwa majira. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, baada ya masika, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba, mvua ikianza. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio waliokuwa nguvu ya njia ile, walitaka wawe makwao wakati wa kulima, na tajiri aliyechelewa kuondoka alijikuta na mizigo bila ya mabega. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari mpaka Agosti ya mwaka ule wa 1872 akingoja wapagazi watoke pwani. Katika miezi hiyo hiyo, mwezi wa Aprili, tufani iliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu mingi mno, na Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu. Tulisimama mlangoni pale tukifikiri juu ya mwaka ule mmoja, na mambo mawili yaliyokuwa yakiendelea kwenye ncha mbili za njia moja.

Sasa turudi visiwani. Je, nyumba zetu nazo zilikuwa na desturi kama ile ya Isikizya? Zilikuwa nazo, tena nyingi, ila tumezizoea mpaka hatuzioni.

Tuanze na kaskazi. Mpaka miaka ya 1960 majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba yaliingia bandarini kwetu na upepo wa kaskazi, yakakaa, yakarudi na upepo wa kusi yamepakia boriti za mikoko na karafuu. Yalileta tende, papa na nguru wa chumvi, na kwa upande wa nyumba yalileta mazulia, mabusati, masanduku yenye njumu za shaba, mabirika ya kahawa na marashi. Basi ikawa kaskazi ndio msimu wa kitu kipya ndani ya nyumba. Zulia la zamani lilihamia chumba cha ndani, jipya likatandikwa sebuleni, na mgeni aliyeingia Januari aliliona. Hakuna aliyeandika sheria ya kusema kaskazi ibadilishwe zulia. Upepo ndio ulioleta zulia, na upepo una tarehe yake.

Masika yalikuwa na maandalizi yake. Makuti ya paa yalifunguliwa yakasukwa mapya kabla ya Machi, na kwa siku chache mji mzima wa shamba ulikuwa na mapaa ya manjano mabichi kabla hayajageuka kijivu. Masanduku yalisogezwa mbali na kuta. Mkeka mzuri ulikunjwa ukatundikwa darini, ukatandikwa ule wa kazi. Kipupwe kikiingia, kuta zilipakwa chokaa, maana hewa ni baridi na kavu kiasi, na chokaa hushika vizuri. Vuli ilikuja na maembe na ikaja na majamvi, na juu ya majamvi tutasema zaidi.

Hapa tuingize jambo ambalo bibi wa Wete hakuliuliza ila ndilo linalozitofautisha nyumba zetu na za Isikizya. Sisi twaishi kwa kalenda mbili. Kalenda ya shamba ni ya jua, na ndiyo inayotoa Mwaka Kogwa wa Makunduchi kila Julai, na wazee wetu waliihesabu kwa siku 365 ili wajue pa kupanda na pa kusafiri. Kalenda ya ibada ni ya mwezi, nayo ni fupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani hutembea kurudi nyuma na kuuzunguka mwaka wote katika miaka 33 hivi. Sisi wa umri wa miaka thelathini na kitu tumeshaikuta karibu katika kila msimu. Na nyumba zetu hupambwa zaidi kwa kalenda ya mwezi: chokaa ya Idi, mapazia ya Idi, udi na mawaridi ya Maulidi, mikeka mipya kwa ajili ya futari. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka kadhaa chokaa ya Idi huangukia kipupwe na kila mtu hufurahi, na kwa miaka mingine huangukia masika. Mwaka 2023 na mwaka 2024 Idi ya Fitri ilikuwa Aprili. Waliopaka kuta za nje kwa chokaa mwisho wa Ramadhani waliona michirizi meupe ikishuka barazani kabla ya sala. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Idi ikiangukia masika walipaka ndani tu, nje wakasafisha kwa fagio na kuacha, na hakuna aliyesema nyumba haikupambwa.

Sasa tufike kwenye lile linalotusumbua. Isikizyani, yule mama alitupeleka mahali alipokuwa akichimba udongo mweupe. Tangu mji uanze kukua, viwanja vimepimwa, na shimo lake limeingia ndani ya kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja si mtu mbaya. Alimruhusu kuchota kwa mwaka mmoja zaidi, kisha atajenga. Wajukuu wa yule mama hawajui shimo jingine liko wapi, na kwa kweli hawajamuuliza. Wao wanataka rangi ya dukani, ya mafuta, ambayo haina haja ya kurudiwa kila mwaka. Mmoja wao alikwisha ipaka upande wa jikoni. Tuliutazama upande ule. Rangi ilikuwa imevimba mapovu kwa chini na kubambuka kwa ukubwa wa sahani, na nyuma yake udongo ulikuwa umelainika kama ugali. Maji ya mvua yaliingia ukutani kwa chini kama yalivyoingia siku zote, lakini safari hii hayakuweza kutoka, kwa sababu rangi ya mafuta imeuziba ukuta pumzi. Kule upande wa udongo mweupe maji huingia masika na hutoka kiangazi, na ukuta umesimama.

Wenye nyumba za mawe Unguja na Pemba wanayajua haya, au inafaa wayajue. Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna ile hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, chokaa ya ndani hulegea, na boriti zilizoingia ukutani huoza kichwani ambapo hakuna anayeziona. Ndiyo sababu mafundi wanaokarabati majumba yale husisitiza chokaa. Kupaka chokaa kila kipupwe, basi, si urembo wa wanawake wenye muda mwingi. Ni dawa ya ukuta iliyovaa nguo nyeupe.

Hata hivyo hatutaki kusifu mambo ya kale kupita kiasi, kama wafanyavyo watu ambao hawajawahi kubeba ndoo. Kukandika nyumba ni kazi nzito, na aghalabu huwa juu ya mgongo wa mwanamke mmoja. Mwenyeji wetu alituambia wazi ya kuwa angependa mabati juu ya nyumba yake, kwa sababu mabati humpa maji ya mvua mlangoni na nyasi za kuezekea siku hizi ni za kununua. Tuliona ana haki. Mabati yana joto mwezi wa Oktoba, lakini kiu ina joto zaidi. Wala hatumlaumu mwanachama wetu anayeuza karafuu akanunua saruji kwa sakafu. Mavuno mazuri siku zote yalionekana kwanza kwenye nyumba, kwa bati jipya, kitanda kipya, na harusi. Tunalosema ni hili tu: kabla hujaiacha kazi ya msimu, uliza ilikuwa ikifanya nini. Mkanda mweusi ulikuwa ukiulinda ukuta. Chokaa ilikuwa ikiukausha. Ukiiondoa kazi, tafuta kitu kingine cha kuifanya.

Na katika nyumba ya mwenye karafuu, pambo la msimu ambalo limepungua kuliko yote ni jamvi. Wenye umri watakumbuka ya kuwa kabla ya mavuno kila nyumba ilikuwa na mtu anayesuka. Miyaa ilianikwa juani, ikakatwa, ikasukwa kwa chane mbili mbili, na ukili ukazungushwa barazani kama nyoka aliyelala. Aliyepita alijua karafuu zinakaribia, kama vile mpita njia Isikizyani anavyojua mavuno yamekwisha. Kisha majamvi yalitandazwa uwanjani, na karafuu juu yake zikageuka kutoka kijani na wekundu hadi rangi ya kahawia mbele ya macho ya watu wote, na harufu ikaingia katika nguo, katika mapazia na katika mito ya kulalia. Hatujui nchi yoyote ya theluji yenye pambo la msimu linaloweza kushindana na uwanja ule.

Leo wengi huanika juu ya plastiki, au juu ya sakafu, na wengine kando ya barabara. Kila mwanachama anajua karafuu za barabarani zinaokota nini. Plastiki nayo haipitishi hewa wala maji. Karafuu mbichi zikitoa jasho usiku, jasho hukaa chini yake, na asubuhi ule upande wa chini umeanza kuchacha, na kinachofuata ni mpeta, ambao hakuna mnunuzi atakayeulipa bei ya karafuu. Jamvi hupitisha hewa kwa chini. Likinyeshewa ghafla hukunjwa pamoja na karafuu zake likaingizwa ndani kwa mikono ya watu wawili. Na ukizingatia ya kuwa karafuu mbichi hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake mpaka kukauka, kila kilo kavu imetoka kwenye kilo tatu zilizochumwa kwa kupanda mti. Si jambo la busara kuiharibu kwa ajili ya bei ya jamvi.

Tumezungumza na wasukaji wa shamba mbalimbali. Wapo bado, wengi wao wanawake wa umri mkubwa, na wote walilalamika kwa namna moja: watu huja kutaka majamvi wiki ambayo karafuu zimekwisha iva, na jamvi kubwa halisukwi kwa wiki. Wanaomba waagizwe mapema, wakati wa kipupwe, na walipwe nusu mkononi ili wanunue miyaa. Wawili kati yao wako tayari kuwafundisha wasichana ikiwa wasichana watakuja.

Basi kila katibu wa tawi ana daftari kwa ajili ya jambo hili. Mwanachama ataje anataka majamvi mangapi na ya ukubwa gani, alipe nusu, na apewe risiti. Majamvi yatagawiwa matawini kabla ya mavuno ya vuli. Mwenye binti au mjukuu anayetaka kujifunza kusuka naye aandikishe jina lake hapo hapo, katika ukurasa wa nyuma. Bibi wa Wete ameshaandikisha majamvi manne, na ametuomba tumtafutie habari zaidi juu ya ule mkanda mweusi, kwa kuwa ukuta wake wa jikoni unaliwa kwa chini.